Atahama, Anaweza, Anadai: Uhakiki wa Vitenzi vya Hati Moja ya Shamba

Utangulizi

Muhula uliopita darasa letu la fasihi tafsiri lilitumia takriban wiki tatu kubishana juu ya Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare kama ilivyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kutolewa mwaka 1969. Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya jina la kitabu. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja tu wa Venisi. Mwalimu akatuletea mabepari, tena kwa wingi. Wenzetu wengine walidai kwamba hiyo si tafsiri bali ni hukumu ambayo mfasiri ameitoa kabla pazia halijafunguliwa. Wengine tukasema kila tafsiri ni hukumu, tofauti ni kwamba Mwalimu hakuificha ya kwake. Ubishi haukuisha, kengele ikalia, tukafunga chuo.

Nikapanda daladala la Bagamoyo pale Makumbusho, nikashuka Zinga kwa babu na bibi. Na huko Zinga, ndugu msomaji, nikakuta hati nyingine ya deni, haina Shakespeare wala Mwalimu ndani yake, lakini imenisumbua kuliko ile ya Shylock. Makala haya yanakusudia kuihakiki hati hiyo kama tunavyohakiki matini yoyote: kwa kutazama mtunzi wake, hadhira yake, fani yake na maudhui yake. Hoja yangu ni moja. Tunapotafsiri sheria na mikataba kati ya Kiingereza na Kiswahili tunahangaika sana na nomino, yaani majina ya vitu na vyeo, na kumbe mtu hufungwa au huachiwa na kitenzi.

Hati yenyewe

Babu alikuwa na shamba la heka tatu, lenye minazi, mikorosho na kibanda cha kupumzikia. Tangu mwaka 2013, zilipoanza habari za bandari kubwa ya Mbegani, watu wa ardhi wamekuwa hawakauki huku kwetu, kuanzia Mapinga na Kerege mpaka Mlingotini. Wapo wanaotaka robo heka, wapo wanaotaka kijiji kizima. Mwaka 2022 alikuja mnunuzi mmoja, ambaye sitamtaja, wakakubaliana shilingi milioni 18. Babu akapewa taslimu milioni 6. Salio la milioni 12 likabaki kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ina kurasa mbili. Kila ukurasa umegawanywa safu mbili: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Nisieleweke vibaya hapa, babu yangu si mbumbumbu. Alisoma chuoni kwa maalimu, na miaka ya 1970 alihudhuria kisomo cha watu wazima mpaka akapata cheti. Safu ya kulia aliisoma mwenyewe kwa miwani yake, mstari kwa mstari, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili. Hakuweka dole gumba, alitia saini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba amepunjwa kwa sababu hajui Kiingereza. Amepunjwa kwa Kiswahili, lugha yake mwenyewe, akiwa macho.

Sentensi zinazohusika ni tatu:

Kwanza: “Muuzaji atahama na kukabidhi shamba ndani ya siku 30.”

Pili: “Upimaji wa shamba utafanyika.”

Tatu: “Mnunuzi anaweza kulipa salio kwa awamu baada ya upimaji kukamilika.”

Halafu, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, hati inasema kwamba ikitokea tofauti kati ya lugha hizo mbili, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa.

Babu alikabidhi shamba siku ya 21. Upimaji haujafanyika mpaka naandika makala haya. Hakuna bikoni hata moja. Salio halijalipwa. Mnunuzi akiulizwa hujibu kwa upole kabisa kwamba yeye hajavunja mkataba, na kwamba babu asome vizuri. Babu amesoma vizuri. Tatizo ndilo hilo.

Kiambishi -ta- na mwenye sauti

Tuanze na “atahama”. Safu ya kushoto imetumia “shall”, neno ambalo wanasheria wa Kiingereza wamelitumia kwa karne nyingi kumaanisha kwamba mhusika amebanwa, hana hiari. Sheria yetu ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inalieleza waziwazi: penye “shall” jambo lile ni la lazima, na penye “may” mwenye mamlaka ana hiari, akitaka atafanya, asipotaka basi. Wafasiri wengi wanapofika kwenye “shall” huweka -ta-. Atafanya, atalipa, atahama. Wanaona wamemaliza.

Lakini -ta- ya Kiswahili ni kinyonga. Mtangazaji wa hali ya hewa akisema “kutakuwa na mvua”, anabashiri, na mvua isiponyesha hatumshtaki. Katiba yetu ya mwaka 1977, ambayo ilitungwa kwa Kiswahili na ndipo ikatafsiriwa Kiingereza, nayo inatumia “kutakuwa” inapoanzisha vyombo vya dola. Pale hakuna anayebashiri. Ni amri. Mdeni akikutana nawe njiani akasema “nitakulipa”, hiyo si amri wala ubashiri, ni ahadi, na sote tunajua thamani ya ahadi za njiani. Na bibi yangu akimwita mtoto akamwambia “utakwenda dukani, utanunua chumvi, utarudi hapa upesi”, mtoto hasikii habari za wakati ujao. Anasikia kwamba akichelewa atakiona.

Kwa hiyo kiambishi ni kilekile, lakini nguvu yake haitoki ndani ya kitenzi. Inatoka kwa yule anayesema na nafasi aliyonayo juu ya anayeambiwa. Mkubwa akimwambia mdogo, -ta- ni amri. Mdogo akimwambia mkubwa, au mdeni akimwambia mdai, -ta- ni ahadi. Mtu akisema juu ya mawingu, -ta- ni dua tu.

Sasa turudi kwenye hati. Nani ni mtunzi wake? Ni upande wa mnunuzi. Wao ndio waliokuja nayo imeshachapwa. Nani hadhira? Ni mzee wa Zinga. Babu aliposoma “atahama” alisikia sauti ya mwenye fedha ikimwamuru, naye akatii kabla ya siku zake kwisha. Hata kama mkataba ungesema “Mnunuzi atalipa”, bado angesikia ahadi, si amri, maana nani katika karatasi ile alikuwa na sauti ya kumwamuru mnunuzi? Hapa ndipo fani inapogeuka kuwa maudhui. Kiambishi kimoja kinambana mnyonge na kumwacha mwenye nguvu akipunga upepo, na wala hakuna aliyeandika uongo popote.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Sentensi ya pili ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo yenye hila kubwa: “Upimaji wa shamba utafanyika.” Na nani? Lini? Kwa gharama ya nani?

Tulipokuwa sekondari tulifundishwa kauli za vitenzi kama orodha ya kukariri: kutenda, kutendwa, kutendeka, kutendesha. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kauli ya kutendeka ni mahali pazuri sana pa kujificha. “Kikombe kimevunjika,” husema mtoto aliyekivunja. “Fedha zimepotea,” husema mtunza hazina wa chama. “Upimaji utafanyika,” husema hati ya babu. Katika sentensi hizi zote tendo lipo, lakini mtendaji ametoroka.

Nilimwuliza babu alielewaje sentensi hiyo. Akasema, “Mimi nilijua wao ndio watakaopima. Shamba si lao sasa?” Mnunuzi naye anasema alijua muuzaji ndiye atakayepima, kwa sababu mwenye kuuza ndiye wa kuonyesha mipaka. Wote wawili wanasoma sentensi ileile na kila mmoja anamwona mtendaji anayemtaka. Katika ushairi tungesema huu ni utata wenye kunogesha, tukampa mtunzi maksi. Katika hati ya shamba utata huo una bei, na bei yake ni milioni 12.

“Anaweza”

Sentensi ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Safu ya kushoto imetumia “may”: mnunuzi ana ruhusa ya kulipa salio kidogokidogo, baada ya upimaji. Ni sentensi ya kumpa mnunuzi nafuu. Haisemi kwamba ni lazima alipe, inasema akilipa anaruhusiwa kulipa kwa awamu. Ukipekua hati nzima hutakuta popote sentensi inayotaja siku ambayo salio linapaswa kuwa mkononi mwa muuzaji.

Mfasiri akaandika “anaweza kulipa”. Kwa kamusi hajakosea. “May” mara nyingi huwa “anaweza”. Lakini hebu sikiliza jinsi babu alivyoisoma:

“Mjukuu wangu, mimi nilikuwa na wasiwasi huyu bwana asije akawa hana kitu. Nilipofika pale nikaona wameandika kabisa, mnunuzi anaweza kulipa. Nikasema alhamdulillahi, basi ana uwezo. Nikatia saini.”

Nilipomsikia nilitaka kucheka, nikashindwa. Kwa Kiswahili cha Zinga, na nadhani cha kila mahali, maana ya kwanza ya kuweza ni kuwa na uwezo. “Fulani anaweza” maana yake ana nguvu, au ana fedha. Maana ya ruhusa ni ya pili, na maana ya hiari, yaani “akitaka tu”, ni ya tatu, tena ni ya maofisini zaidi kuliko ya mitaani. Sheria ya Kiingereza ilikuwa inasema juu ya hiari, safu ya kulia ikatamka neno la ruhusa, na masikio ya mzee yakapokea habari za uwezo. Sentensi iliyomwachia mnunuzi mlango wazi ndiyo sentensi iliyomtuliza babu moyo. Kile kilichopaswa kumshtua kilimpa imani.

Je, ni kosa la mfasiri? Kwa sehemu. Kiswahili kilikuwa na njia nyingine nyingi. Angeweza kuandika “mnunuzi ameruhusiwa kulipa kwa awamu”, na babu angeuliza hapohapo: ameruhusiwa na nani, mimi sijaruhusu! Angeweza kuandika “mnunuzi akipenda, atalipa kwa awamu”, na babu angeona lile “akipenda” likimkodolea macho. Neno “akipenda” halina ujanja, kila mtu analijua. Labda ndiyo sababu wafasiri wa hati hawalipendi, kwani halina harufu ya ofisi.

“Anadai”

Baada ya miezi kupita babu alikwenda kulalamika. Hapo akakutana na kitenzi cha nne, ambacho hakimo katika hati, lakini kinamsubiri kila anayetoka na hati ya namna hiyo.

Nyumbani kwetu, “babu anadai” maana yake kuna mtu ana fedha zake. Ni habari iliyokwisha kuthibitika. Mtu hasemi “namdai fulani” kama hana deni kwake. Mahakamani, mdai ni yule aliyefungua kesi, na kudai ni kuleta maombi yako mbele ya hakimu ili yapimwe. Anaweza kushinda au kushindwa. Na kwenye magazeti, “mzee huyo anadai kwamba ametapeliwa” maana yake mwandishi anajitoa: mzee kasema, sisi hatumo. Kwa hiyo mtu anaondoka nyumbani akiwa anadai, yaani ana haki yake; anafika mbele ya meza akiwa anadai, yaani analeta hoja; na habari zake zikitoka zinatoka kwamba anadai, yaani huenda anasema uongo. Kitenzi hakikubadilika hata herufi. Haki ndiyo iliyopungua kila hatua.

Babu alilihisi hilo bila kusoma isimu. Pale alipokwenda, karani aliandika: “Mlalamikaji anadai kuwa hajalipwa.” Babu akamwambia, “Usiandike nadai kuwa sijalipwa. Andika sijalipwa, na ninadai.” Karani akaona mzee msumbufu. Mimi naona babu alifanya uhakiki bora kuliko wangu.

Hata jina la kazi ya mabaraza ya kata linatufundisha jambo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi ya baraza la kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni kubwa kama bahari. Anayeamua hukuambia nani kashinda. Anayesuluhisha hukaa nanyi mpaka mkubaliane, na msipokubaliana mnaendelea mbele kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Watu wengi wa kwetu bado wanakwenda kata wakitarajia uamuzi, wanarudi wakisema baraza limewaonea. Hawakuonewa na baraza. Hawakuambiwa kwamba kitenzi kimebadilishwa.

Je, Kiswahili ni maskini?

Najua hoja itakayokuja, maana niliisikia bwenini siku nilipowasimulia wenzangu. Eti mambo haya yanathibitisha kwamba Kiswahili hakijawa tayari kwa sheria, na afadhali tubaki na Kiingereza ambacho maneno yake yamenyooka. Nina majibu mawili.

La kwanza: hicho Kiingereza hakijanyooka kama tunavyodhani. Mahakama yetu ya Rufani imeshalazimika kueleza kwamba “shall” si ulazima kila mahali inapotokea. Afrika Kusini walipoandika Katiba yao ya mwaka 1996 waliliweka pembeni neno hilo, wakatumia “must”, ili raia asiwe na shaka nani kabanwa. Ikiwa wenye “shall” wanaikimbia, kwa nini sisi tuitafutie pacha?

La pili: Kiswahili kina vitenzi na virai vya kubana vinavyotosha kufungia meli. Sharti alipe. Lazima alipe. Hana budi kulipa. Yampasa kulipa. Analazimika kulipa. Na ipo ile dhamira tegemezi ambayo ni fupi kuliko zote: alipe. Kila moja ina uzito wake, na mzee yeyote wa pwani atakupangia uzito huo bila kamusi. “Yampasa” ina adabu na inagusa dhamiri. “Hana budi” inafunga milango mingine yote. “Sharti” inanukia mkataba, maana ndilo neno la masharti yenyewe. Mfasiri aliyepewa utajiri huu, akachagua -ta- peke yake kila mahali, hana haki ya kulalamikia umaskini wa lugha.

Wala si kwamba watu wa pwani hii hawakuwahi kuandika sheria zao kwa lugha yao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyesoma na kuishi Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa habari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Jina kamili la kitabu linataja pia desturi za sheria, na sehemu yake ya sheria inaandikwa kwa Kiswahili cha mtu aliyekuwa anaeleza mambo aliyoyajua, si kutafsiri. Zaidi ya miaka mia moja imepita. Kutoka Bagamoyo hadi Zinga ni mwendo mfupi wa daladala, lakini kutoka Kiswahili kile hadi safu ya kulia ya hati ya babu ni safari ndefu, na tumeisafiri kinyumenyume.

Juhudi za wataalamu zipo, na ni haki tuziheshimu. Kitivo cha Sheria kilianza Dar es Salaam mwaka 1961, na mwaka 1968 A. B. Weston alitoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. BAKITA limekuwepo tangu mwaka 1967. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili miaka yote. Na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria za nchi, ingawa nafasi ya Kiingereza imebakizwa kwa hali maalumu. Hizo ni hatua kubwa. Lakini orodha ya istilahi, hata iwe ndefu vipi, kwa sehemu kubwa ni orodha ya nomino: rehani, dhamana, fidia, hatimiliki, wosia. Nomino huingia kwenye orodha kirahisi. Namna ya kumbana mtu ndani ya sentensi haiingii kwenye orodha. Inaingia kwenye sikio. Na kazi ya sikio la lugha ni yetu sisi wa fasihi, hatuwezi kuwatupia wanasheria peke yao.

Shylock na babu

Turudi kwa Shylock. Alikuwa na hati iliyotimia: deni la dukati 3,000, muda wa miezi mitatu, adhabu ya ratili ya nyama. Kilichomwangusha ni nomino. Hati ilitaja nyama, haikutaja damu, na Portia akasimama hapohapo. Darasani tulifurahia ujanja huo, kwa sababu mwenye nguvu ya hati alikamatwa na hati yake mwenyewe.

Kwa babu mambo yamegeuka. Nomino zote zimetimia: shamba, salio, muuzaji, mnunuzi, siku 30, shilingi milioni 18. Kila kitu kimetajwa kwa jina lake. Kilichomwangusha ni vitenzi, na aliyekamatwa ni mnyonge. Tena hana Portia. Portia anakuja na joho, anasoma hati kwa niaba ya mtu aliye hatarini. Zinga anayekuja na joho ni mjukuu aliyefeli somo la uchumi kidato cha sita akachaguliwa fasihi.

Sisemi kwamba kesi ya babu imekufa. Rafiki yangu anayesoma sheria ameniambia kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimwachi mtu akae na mali ya mwenzake milele kwa kisingizio kwamba tarehe haikuandikwa. Mahali muda haukutajwa, ahadi hutakiwa kutimizwa katika muda unaofaa. Kwa hiyo iko njia. Lakini ni njia ndefu ya nauli, mihuri na “njoo wiki ijayo”, na sentensi moja iliyoandikwa vizuri ingeifuta yote: “Sharti mnunuzi alipe salio lote kabla ya tarehe fulani; asipolipa, shamba litarudi kwa muuzaji.”

Angalia ile “asipolipa”. Katika hati nzima ya babu hakuna hata kitenzi kimoja chenye -sipo-. Nadhani hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na nawaachia wasomaji wakijaribu kwenye karatasi zozote walizonazo majumbani: hati ya shamba, ya mkopo wa bodaboda, ya chumba cha kupanga. Chukua kila kitenzi kinachomhusu aliye na nguvu, kisha kiulize: asipofanya je? Hati ikinyamaza, ujue kitenzi hicho ni pambo.

Hitimisho

Siku moja kabla sijarudi chuo tulikaa kibarazani, babu, bibi na mimi, tukaandika barua ya kumtaka mnunuzi alipe. Niliandika rasimu kwa Kiswahili nilichokiona fasaha: “Tunaomba uangalie uwezekano wa kutulipa.” Babu akaniuliza nimeandika nini hicho. Nikasema ni lugha ya heshima. Bibi, ambaye alikuwa anachambua mchicha na sikudhani anasikiliza, akasema: “Mume wangu, wewe umesoma, lakini hapo umemwombea yeye, hukutuombea sisi. Uwezekano wa nini? Mwandikie atulipe.”

Nikafuta. Tukaandika: “Tunakutaka ulipe shilingi milioni 12 kabla ya tarehe 30. Usipolipa, tutakwenda mbele.” Babu aliisoma kwa miwani yake mara mbili, akaitia saini, akabaki na nakala.

Mpaka makala haya yanakwenda mitamboni jibu halijaja, na tarehe 30 haijafika. Sijui barua ile itamtoa mnunuzi fedha au haitamtoa. Ninachojua ni kwamba safari hii kila aliyekaa kibarazani alielewa nani amebanwa. Nawaalika wenzangu, hasa wale ambao nao wana safu ya kulia ndani ya kabati la nyumbani, waendeleze mjadala huu.